Saa Isiyo na Majina

Kaeni upande huu wa ukuta, ambako jua bado halijafika, maana habari hii haisimuliki mtu akiwa anaungua mgongo. Ilitokea katika nchi ambayo jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Wenyewe hawapendi litajwe mchana, nami sijui ninyi mtaisimulia saa ngapi.

Katika nchi hiyo jua halichomozi. Kwenye milima ya ukungu, alikotoka Namkunda, jua huja kwa adabu: hukohoa kwanza nyuma ya vilele, likasubiri, likaingia taratibu, na siku nyingine likaghairi kabisa lisije. Kule jangwani mtu hufumbua macho akalikuta limekwisha kuketi katikati ya chumba, linamtazama. Namkunda alilikuta hivyo asubuhi yake ya kwanza. Alikaa kitandani amekumbatia magoti, akaliangalia, na badala ya kulalamika alijikuta anataka kuliamkia. Alikuwa ameogopa, hilo sitaficha, lakini ilikuwa ile hofu ya kuingia katika nyumba kubwa ya watu usiowajua, mtu akavua viatu bila kuambiwa.

Walikuja na mumewe, Kirumbi, fundi wa mifereji. Watu wa mji ule wa udongo walikuwa na maji mbali, chini ya ardhi, upande wa machweo, wala hawakujua namna ya kuyaongoza. Wakasikia kwamba kuna watu milimani ambao maji huwafuata kama mbuzi, wakatuma ujumbe. Kirumbi akafunga sururu zake. Namkunda akafunga blanketi la marehemu mama yake, zito, la rangi ya moshi, na majirani wote walikuja kumuaga wakiita jina lake ndani ya ukungu mpaka sauti zikaisha.

Hapo kwenye kuita niwasimamishe kidogo, maana ndipo mambo yote yalipo. Milimani ukungu huwa mzito kiasi kwamba mtu akinyoosha mkono haoni vidole vyake. Kwa hiyo watu wa kule huitana. Wakienda shambani huitana, wakichanja kuni huitana, mke na mume wakiwa mmoja jikoni na mwingine uani huitana. "Namkunda!" Na aliyeitwa hujibu neno moja tu: "Nipo!" Haulizwi kitu wala hatumwi kitu. Anaitwa ili ijulikane kwamba yupo, anajibu, kazi inaendelea. Kwa siku moja Namkunda aliweza kuwapo mara mia, na kila mara kulikuwa na mtu wa kumthibitishia.

Jirani yao kule jangwani aliitwa Bi Ghanima, mfumaji wa mikeka minene inayotundikwa milangoni na kumwagiwa maji ili upepo uingie ukiwa umepoa. Mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye ulimi usio na breki. Siku ya kwanza alimkuta Namkunda uani anaanika nguo saa tano na nusu. Alipotundika ya pili, ya kwanza ilikuwa imekauka kau.

"Wewe mwana wa ukungu," alisema Bi Ghanima, "unagombana na nani hapo nje?"

"Naanika, Bi Ghanima."

"Unaanikwa. Ingia ndani."

Akamfundisha. Kwamba chai hunywewa ya moto hata kama dunia inawaka. Kwamba mtu huvaa sufu, tena nzito, maana nguo nyepesi ni sawa na mlango ulioachwa wazi. Kwamba mchana hulaliwa chini, juu ya mchanga uliomwagiwa maji, na kwamba mtu hupumua kwa pua, taratibu, kwa kuwa mdomo ukifunguliwa ovyo hewa huingia na kuchukua kilichomo. Na mwisho akamwambia lile ambalo Namkunda alilidhania mzaha:

"Saa sita, kivuli kikishaingia chini ya nyayo, usimwite mtu kwa jina."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu saa hiyo sauti haina upande. Unaita ukiwa hapa, mwenzio anasikia anaitwa kule," akaonyesha uwandani, ambako mazigazi yalikuwa yametandaza ziwa refu la maji yasiyokuwapo. "Na mtu akiitwa na anayempenda, huenda. Huku hatuitani, mwanangu. Huku tunaonana."

Basi ukaanza msimu mkubwa. Mimi husikia watu wakisema joto kali, kana kwamba joto ni pilipili. Lile halikuwa kali, lilikuwa kubwa. Lilijaa kutoka ardhini hadi mahali macho yanapokomea, na mtu alipita ndani yake kwa ruhusa tu. Jasho la Namkunda hakuliona hata siku moja, lilichukuliwa kabla halijawa lake, ikabaki mistari myeupe ya chumvi kwenye kola. Komeo la mlango lilimwachia alama kiganjani. Mawe yalilia, ta, ta, yakipasuka yenyewe huko uwandani, naye akiwa amelala chini kwenye mchanga wenye unyevu alihesabu milio hiyo na kushangaa kwamba hata jiwe, ambalo hatujawahi kulidhania lina neno, huzidiwa likasema.

Siku zikapoteza viungo vyake. Ilikuwa wiki ya tatu, au ya tisa. Alikumbuka jambo la jana akakuta limemtokea alipokuwa mtoto. Siku moja alijitazama katika sinia la shaba akamwona mama yake, amechoka kidogo, akamsalimia, na mama akafungua mdomo wakati uleule alioufungua yeye.

Hapo ndipo swali likamwingia, na likishaingia swali la namna hiyo halitoki kwa dawa. Hakuna aliyemwita tangu aje. Kirumbi mwenyewe, aliyekuwa akiita tangu kufumbua macho, alikuwa amenyamaza. Aliondoka kabla ya mapambazuko kwenda kwenye mdomo wa mfereji, akarudi kabla ya saa tano, midomo imefungwa kama watu wa mji. Ukimya wa kule ulikuwa msafi mno, hauna pa kushika. Namkunda alianza kujihisi anapungua. Je, mtu huwa yupo kwanza ndipo akaitwa, au ni kule kuitwa kunakomfanya awepo? Na kama ni hivyo, basi zile mia za milimani zilikuwa mia kweli, au ni watu wawili tu gizani wanaoshikana kwa hofu?

Alimuuliza mumewe alfajiri moja, Kirumbi akiwa anajaza kiriba chake cha maji.

"Mbona siku hizi huniiti?"

Kirumbi alifikiri. "Nakuona," akasema. "Kule tulikuwa hatuonani."

"Kuniona ni kuniona. Mimi nataka kuitwa."

"Basi, Namkunda."

"Nipo!" alijibu upesi, na machozi yakamlenga, yakakauka kabla hayajadondoka. Wakacheka wote wawili. Lakini Kirumbi alipotoka, Namkunda alimfuata kwa macho mpaka akawa nukta, na moyoni alisema wazi: mtu huyu akipotea, hakuna mahali popote duniani ambapo mimi nitakuwapo.

Sasa ikaja ile siku ambayo wenyewe huiita Kusimama. Huja mara moja kwa mwaka. Jua hupanda hadi utosini, likishafika halishuki kwa haraka, hubaki palepale likitazama chini. Mji mzima huingia ndani mapema, mikeka humwagiwa maji mara tatu, mbwa hulala ndani ya mitungi mitupu. Siku hiyo maji yalikuwa yamekaribia kufika mdomoni mwa mfereji, na Kirumbi, kama fundi yeyote anayesikia kazi yake inakaribia kumjibu, alisema bado kidogo, bado kidogo, hadi saa tano ikampita.

Namkunda aliinua ncha ya mkeka akachungulia. Uwanda ulikuwa unawaka bila moto. Hewa ilikuwa inapanda kwa mikunjo, na nyuma ya mikunjo hiyo ziwa lilikuwa limejaa, linang'aa, na katikati ya ziwa alikuwa anakuja mtu. Hakuwa na miguu. Alielea, akarefuka akawa kama mnara, akakatika kiunoni, akawa wawili, wakaungana tena. Ulikuwa mwendo wa Kirumbi, ule wa bega moja chini kwa kuzoea sururu. Namkunda alitoka nje bila kujijua. Uzuri wa kitu kile ulimvuta. Aliona mumewe anafumuliwa na kufumwa upya na nuru, kana kwamba ndiyo kwanza anaumbwa, na akaogopa kwamba aliyekuwa akimuumba angeweza kubadili nia.

Basi akafanya ambalo mtu yeyote wa milimani angelifanya. Aliweka viganja mdomoni, akaita.

"Kirumbi!"

Sauti ilitoka na haikwenda mbele. Ilipanda, ikatawanyika, ikarudi kutoka ziwani, kutoka kusini, kutoka mawe ya kaskazini, Kirumbi, Kirumbi, kwa sauti yake yeye, na kila moja ilikuwa ya mapenzi. Kule uwandani mtu yule alisimama. Alionekana akijibu, neno halikufika. Kisha akageuka, akashika njia ya kurudi ndani ya maji yasiyokuwapo.

Namkunda alivuta pumzi aite tena, na kiganja kikavu kikamziba mdomo kutoka nyuma.

"Umeita?" Bi Ghanima alinong'ona.

Akatikisa kichwa kukubali.

"Mara ngapi?"

Akaonyesha kidole kimoja.

"Afadhali." Bi Ghanima alimwachia, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ulikuwa mzito. "Mimi nilimwita kaka yangu mara saba. Kila nilipomwona anakwenda nikazidisha. Nilikuwa na sauti nzuri siku hizo."

"Nimfuate!"

"Ukimfuata mtakuwa wawili wa kutafutwa. Sikiliza. Ana maji?"

"Kiriba kimoja."

"Kinatosha mtu asiyekimbia. Sasa huko aliko ameshawaona akina Namkunda wengi kuliko nywele zako, wote wanamwita. Huwezi kuwashinda kwa kelele. Nenda ukasimame kwenye lile jiwe jeupe pale nje ya mji, mahali pa wazi, usiite, usipunge mkono, usisogee. Uwe kitu kinachoonekana, basi."

"Hadi lini?"

"Hadi kivuli kitoke."

Bi Ghanima akamvika joho la sufu la marehemu mume wake mwenyewe. Namkunda akakumbuka blanketi la mama yake, akalichukua, wakalilowesha mtungini, akajitanda juu ya joho. Akanywa chai ya moto bakuli mbili. Akatembea hatua mia mbili hadi kwenye jiwe jeupe, na huko ndiko ninakotaka mwende naye, kwa maana mimi mwenyewe sijathubutu.

Alisimama. Blanketi lilikauka kabla hajamaliza kujiweka sawa.

Kwanza ilimjia kelele ya ndani. Ita. Ita mara moja tu. Atakufa, nawe umenyamaza. Mke gani wewe. Milimani hata mchawi angemwita. Jina lilikuwa limejaa mdomoni, la moto, silabi tatu, likisukuma meno. Akalishikilia.

Kisha kelele ikapungua, akabaki anajisikiliza. Huyu aliyesimama ni nani? Mke wa fundi. Hilo likakauka likadondoka. Mtoto wa mama mwenye blanketi. Likadondoka nalo. Mgeni. Mwana wa ukungu. Namkunda. Alingoja aone kama Namkunda naye atadondoka, na kweli akadondoka, taratibu, bila maumivu, kama shanga inayotoka kwenye uzi. Sasa hakuna jina. Sasa hakuna wa kuitwa. Akajiandaa kutoweka.

Hakutoweka.

Hilo ndilo lililomshangaza kuliko jambo lolote alilowahi kuliona maishani. Alikuwa pale. Nyayo zilikuwa pale, chumvi kwenye midomo ilikuwa pale, pumzi iliingia ya moto na kutoka ya moto. Lile jua, ambalo kwa miezi alilidhania linamtafuta yeye ili limkomeshe, halikuwa linamtafuta mtu. Lilikuwa linaangalia tu, kila kitu kwa usawa, jiwe na mke, na kila lilichokiangalia kilikuwapo kwa kuangaliwa huko, bila kuombwa kujibu. Aliona kokoto karibu na kidole chake cha mguu, nyekundu, yenye mshipa mweupe, na akahisi heshima mbele yake. Kokoto ile haikuwahi kuitwa na mtu tangu dunia iumbwe. Ilikuwapo kuliko mtu yeyote aliyemfahamu. Ee, alisema moyoni, kumbe. Hakuweza kuendelea na sentensi hiyo, wala haikuhitaji kuendelea.

Alisimama muda gani? Bi Ghanima husema saa moja na nusu tu, lakini Bi Ghanima alikuja mara mbili kumnywesha maji kwa bakuli, na mara ya pili, anaapa, nywele za mbele za Namkunda zilikuwa zimegeuka nyeupe kwa chumvi na uso wake ulikuwa wa msichana. Mimi sibishani. Kuna saa ambazo hupita pembeni ya mtu bila kumgusa.

Ndipo chini ya kisigino, upande wa mashariki, kikatokea kitu chembamba kama ukucha. Cheusi. Kivuli. Kikanenepa. Jua lilikuwa limekubali kushuka.

Uwandani ziwa lilianza kupungua, na kando yake kukawa na mtu. Mbali. Bega moja chini. Alikuwa amesimama, anageuka huku, anageuka kule. Jina likarudi mdomoni mwa Namkunda kwa nguvu zote, na ndilo lililokuwa jaribu kubwa kuliko yote, maana sasa alikuwa anamwona, na alijua kwamba sauti moja ingemfikia, na hakujua ingemfikia kutoka wapi. Akauma midomo mpaka ikapasuka. Akabaki kuwa kitu kinachoonekana.

Mtu yule alipiga hatua kusini, akasita. Akapiga hatua kaskazini, akasita. Kisha akaelekeza uso moja kwa moja kwenye jiwe jeupe, na hakugeuka tena.

Alikuja polepole mno. Jua lilikuwa nyuma yake, limeinama, na kivuli chake kilimtangulia, kirefu kuliko yeye, kikipita juu ya kokoto moja baada ya nyingine. Kivuli kilifika kwanza. Kiligusa vidole vya miguu ya Namkunda, kikapanda kwenye joho, kikafika usoni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alihisi ubaridi. Alilia hapo, na safari hii machozi yalipata nafasi ya kudondoka.

Kirumbi alisimama mbele yake. Kiriba chake kilikuwa kitupu, midomo imepasuka, macho mekundu. Bi Ghanima alikuwa ameshafika na mtungi, akamnywesha kidogo kidogo huku akimgombeza kwa kila funda, fundi mzima, mtu wa mifereji, unashindwa kujua maji ya kweli na ya uongo. Alipoona rangi imemrudia ndipo akamuuliza, na sauti yake haikuwa ya kugombeza tena.

"Umejuaje wa kumfuata?"

Kirumbi alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Walikuwa wengi," akasema. "Kila upande Namkunda, na wote wananiita. Nimewafuata karibu wote. Mwishoni nikamwona mmoja haiti." Akamwelekezea Namkunda kidevu. "Nikajua huyo ananingoja."

Bi Ghanima aligeuka upande, akajifanya anatazama mtungi kama una ufa. Alipowageukia tena alikuwa Bi Ghanima yuleyule.

"Haya, kivuli kimeshatoka, kimekuwa kirefu hadi mlangoni kwangu," akasema. "Sasa ruksa. Mwite basi mumeo, umemaliza siku nzima umelifungia hilo jina, litakuozea mdomoni."

Namkunda alifungua mdomo. Alimtazama Kirumbi, bega moja chini, vumbi hadi kwenye kope, amesimama juu ya kivuli chake mwenyewe. Akafunga mdomo.

"Nipo," alisema Kirumbi.